Mikebe Mitatu ya Mwalimu Wetu

Waliohusika ni wawili, nami nawataja kwa vyeo vyao: mwalimu mkuu aliyeongoza shule yetu ya msingi, huko kwenye miinuko ya juu ya Nkubu, nilipokuwa darasa la saba, na mkaguzi wa shule aliyekuja kumpongeza. Walimwondoa mwalimu bora niliyepata kumwona, kisha wakaandika kwamba alikuwa mzembe. Sentensi hiyo niliisoma kwa macho yangu mwezi uliopita, nilipompeleka mjukuu wangu kuandikishwa shuleni hapo. Kitabu cha kumbukumbu za shule kilikuwa mezani, jalada limetafunwa na mende: "Darasa la saba limeanguka kwa uzembe wa mwalimu aliyehamishwa." Mimi nilikuwa karani wa elimu hadi nilipostaafu, rafiki yangu. Rekodi ya uongo naijua nikiiona.

Basi sikiliza ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Asubuhi zetu zilikuwa za ukungu na uji wa wimbi, na upepo ukivuma kutoka bondeni ulituletea harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha kiwandani. Nyanya yangu alihifadhi maharagwe ya mbegu katika vibuyu, yamechanganywa na jivu. Kila zilipopita siku kadhaa za soko aliyatoa yote, akayamwaga juu ya gunia uani, nami nikaketi naye kuyachambua moja moja. Ilikuwa kazi ya kuchosha mgongo, na siku moja nililalamika.

"Nyanya, si tuliyachambua juzi tu?"

"Juzi ni juzi. Mbegu isiyotolewa juani huliwa na fukusi, na fukusi hapigi hodi."

Mwalimu wetu alikuwa akinunua maziwa kwa nyanya. Siku hiyo alisimama kututazama, kopo mkononi, mpaka nyanya akamuuliza kama maziwa yamemshinda kubeba. Jumatatu iliyofuata aliingia darasani na mikebe mitatu mitupu ya mafuta ya kupikia na rundo la vikaratasi alivyokata kwenye mifuko ya unga. Kila kikaratasi kilikuwa na swali moja.

Utaratibu ulikuwa huu. Maswali ya mkebe wa kwanza tuliulizwa kila asubuhi, madaftari yakiwa yamefungwa. Swali lililojibiwa sawasawa lilihamia mkebe wa pili, ambao ulifunguliwa siku ya soko peke yake. Likijibiwa tena, lilikwenda mkebe wa tatu, likalala mwezi mzima. Ukilikosa popote pale, lilirudi mkebe wa kwanza. Hesabu, mito, sehemu za ua, vyote vilichanganywa humo. Mwalimu alikuwa na neno moja tu: "Mimina!" Nawe ulimimina ulichonacho kichwani, kiwe kizima au kimetobolewa. Ukikwama, darasa zima lilikuimbia, "Ameliwa na fukusi! Ameliwa!" nawe ukacheka huku masikio yakiwaka.

Tulipomwomba atuachie tusome kwanza tulichoandika, alikataa. "Kukisoma tena na tena ni kutazama kibuyu kwa nje na kusema mbegu ni nzima," alisema. "Kimwage tuone."

Niliketi dawati moja na binti wa jirani yetu. Mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku kwenye tope, lakini alikuwa hodari wa mikebe kuliko sote. Mwandiko wangu ulisifiwa, naye hakunisamehe kwa hilo. "Herufi zako zimevaa suti, bwana," alininong'oneza kila nilipokwama, "lakini mfukoni hamna kitu." Baba yake alikuwa amemwambia waziwazi: ukifaulu utakwenda sekondari; usipofaulu, kikapu cha kahawa kiko pale. Yeye hakuwa na nafasi ya pili.

Kisha ikaja habari ya ukaguzi. Mwalimu mkuu alipita akifunua madaftari yetu, akayakuta karibu matupu. Alimwita mwalimu wetu mlangoni, nasi tukasikia kila neno.

"Mkaguzi hakagui vichwa! Anakagua madaftari!"

"Na watoto, mheshimiwa, wataingia na madaftari kwenye mtihani?"

Swali hilo ndilo lililomponza. Kabla ya juma kwisha alihamishiwa nyanda kavu, ng'ambo ya Ishiara. Vikaratasi vyetu vilipelekwa jikoni kuwashia moto, na mikebe akapewa mpishi kuwekea chumvi.

Kuanzia hapo hadi mtihani tulinakili kutoka ubaoni, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, tukakariri kwa sauti moja kama nyuki. Nikiri kwamba tulifurahi. Kila tuliposoma kurasa zetu tuliziona rahisi, tukajidhania wasomi. Mkaguzi alipofika aliliinua daftari langu mbele ya darasa. "Hapa ndipo elimu ilipo," alisema. Akaniuliza yule mwalimu aliyehamishwa alikuwa ametuandikia nini.

Nami ninaingiza hili katika rekodi kwa mkono wangu. Nilisimama wima, nikajibu, "Hakutuandikia kitu, bwana." Jibu hilo lilikuwa la kweli, na lilifanya kazi ya uongo. Binti wa jirani alinivuta shati: "Mbona hukumwambia habari za mikebe?" Nilikuwa nikiangalia daftari langu lilivyoshikwa juu.

Tulianguka karibu darasa zima. Mimi baba aliniruhusu kurudia. Yeye alichukua kikapu.

Nilipotoka shuleni mwezi uliopita nilimkuta yule binti wa jirani sokoni Nkubu akiuza ndizi. Nilisimama mbele yake nikasema neno moja tu: "Mimina." Alitupa ganda la ndizi chini. "Thuci, Mutonga, Kathita, Ura," alisema. "Mito iingiayo Tana. Mkebe wa tatu."

"Na yale tuliyonakili?"

"Hayo yaliliwa, bwana. Si uliyaandika wewe? Yataje."

Sikuweza kutaja hata moja.

Kahawa ya bonde lile imeng'olewa. Vibuyu vya nyanya vilivunjika nami nikiwa kazini mbali. Mwalimu wetu alizeeka hukohuko nyanda kavu, hakupandishwa cheo hata mara moja, akazikwa huko na neno lile la uzembe likiwa limemwandama. Na mjukuu wangu, siku yake ya tatu shuleni, alirudi nyumbani akinionyesha kwa fahari ukurasa alionakili kwa kalamu za rangi nne. Nilimwomba alifunge daftari aniambie limesema nini. Alilia.

Kwa hiyo nadai rasmi, kwa bodi ya shule hiyo na kwa ofisi ya elimu iliyopokea taarifa ya mkaguzi: sentensi ile ifutwe, na badala yake iandikwe nani aliamuru mikebe iondolewe, kwa sababu gani, na darasa lilipoteza nini. Jibu langu kwa mkaguzi liandikwe pia, chini ya jina langu. Mnieleze kwa barua ni nani leo anayeamuru watoto wanakili. Kisha mwenyekiti wa bodi asimame mbele ya wazazi, na binti wa jirani yetu akiwa ameketishwa mstari wa mbele, ayaseme masahihisho hayo yote, neno kwa neno, kitabu kikiwa kimefungwa.