Anayenitukana Kwenye App Yetu Ninalala Naye Kitanda Kimoja

Admin, nikijulikana nimeisha, kwa hivyo hapo kwa jina weka chochote unachotaka. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Kibirichia, nimeolewa Mbeere na tunaishi Embu mjini. Ni engineer mkuu wa app ya kampuni moja ya habari. Ile app mtu anafungua asubuhi asome siasa na matokeo ya mpira, mimi na vijana ninaowasimamia ndio tunaijenga. Ofisi iko Nairobi lakini mimi nafanyia kazi nyumbani.

Mwaka jana kampuni yetu iliandika habari yangu kwenye ukurasa wa wanawake. Walinipiga picha kwa shamba la mama, nimesimama katikati ya viazi na laptop mkononi, natabasamu kama mjinga. Mama alilia kwa furaha. Watu wakaandika komenti za pongezi. Halafu akaingia mtu anayejiita Mkweli wa Mlimani. Akaandika: "Muulizeni huyo engineer watoto wako wapi. Kompyuta inawaka, tumbo limekataa."

Nilikaa sakafuni. Nimepoteza mimba mbili, na ile ya pili alijua mume wangu na dada yangu mdogo tu.

Mtu huyo hakuacha. Kila habari iliyonitaja, yuko hapo chini. Akaandika kwamba nikitaka kulia nafungulia maji bafuni ili nisisikike. Watu wakacheka, wakampa laiki. Nikaanza kumshuku dada yangu, hata nikaacha kushika simu zake. Kijana mmoja kazini aliniambia, "Madam, nikuangalizie ni nani? Ni dakika moja tu." Nikamkataza. Siri ya msomaji ni siri ya msomaji, hata akiwa ananitukana mimi.

Mume wangu, nitamwita Njeru, ni mwalimu wa sekondari. Jioni nikimwonyesha hizo komenti alikuwa ananitengenezea chai, ananishika mabega na kuniambia, "Achana na yeye, mama. Huyo ni mtu hana kazi." Nililala kifuani pake nikijiambia nina bahati.

Kisha tukaenda Gachoka kwa wazazi wake. Nilikuwa nimewabebea ndizi za Mitunguu, na nilikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote: nina mimba, na safari hii daktari anasema mtoto yuko sawa. Nilitaka Njeru asikie mbele ya mama yake, ili wafurahi pamoja. Yeye alikuwa anaendesha gari, simu yake imewekwa hapo mbele inacheza muziki. Mara ujumbe ukatokea juu: "Mkweli wa Mlimani, komenti yako imejibiwa."

Hiyo sentensi niliiandika mimi nikijenga app, na humfikia mwenye akaunti peke yake. Aliifunika kwa kiganja, lakini nilikuwa nimesoma.

"Njeru, hiyo ni nini?"

Akacheka. "Sasa umejua. Utanipeleka kortini?"

"Kwa nini mimi? Nimekukosea nini?"

"Kila mahali naenda naitwa bwana ya yule engineer. Hata mwalimu mkuu ameniuliza kama unaweza kunitafutia kazi. Ulifikiria mimi nasikia aje?"

Tulifika nikiwa nalia. Nikamfuata mama mkwe jikoni, nikijua ni mwanamke, atanielewa. Alikuwa anachagua ndengu kwa uteo. Nilimweleza yote ya komenti na hakuinua hata kichwa.

"Hizo maneno? Huwa anatusomea hapa tukikula," akasema. "Kwani ni uongo? Mtoto umetuletea?"

Nilikuwa na jibu hapo hapo mdomoni. Nililimeza. Nikatoka, nikakuta baba mkwe mlangoni, amesikia kila kitu. Aliniuliza kama chai iko tayari.

Nikampigia simu bosi wangu, nikamwomba hizo komenti zifutwe. Sikumwambia ni za nani. Akaniambia, "Pole sana, lakini hajatumia lugha chafu. Na wewe unajua habari zinazokutaja zinasomwa sana kwa sababu yake." Ni kweli, ninajua. Hesabu za wasomaji napeleka mimi mwenyewe kwa mkutano.

Sasa tunaishi nyumba moja kama wapangaji. Njeru hajaomba msamaha. Ananiambia nimekuwa mtu wa kukasirikia utani, na akitaka chakula anasema na meza. Dada yangu nilimpigia nikamwomba msamaha, nikamwambia na ya mimba, akalia, akaniambia nirudi Kibirichia kabla tumbo halijaonekana. Mama yangu naye, ambaye nimemwambia ya mimba lakini hajui ya komenti, anasema nimwambie mume wangu, kwamba mwanaume akisikia mtoto hubadilika.

Nilikuwa karibu kumsikiliza mama. Juzi nimefungua app kabla ya kuanza kazi, nikakuta Njeru ameandika tena. Ameacha kujificha, ametumia jina lake na picha yetu ya harusi: "Mimi ndiye bwana yake. Niulizeni mimi." Na watu wanauliza, na yeye anawajibu mmoja mmoja.

Ndugu zangu, huyu mtoto ni wake na ana haki ya kujua. Lakini nikimwambia ataandika, na mtoto nikimpoteza pia ataandika. Mlio na ndoa, mlio na akili tulivu kuliko yangu, nishaurini. Nimwambie, ama nimbebe mtoto wangu niende kimya?