Betri Iliyoogopa Baridi

Idwal Probert hakuwa mtu wa kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Kwa miaka arobaini na moja alitengeneza umeme wa mabasi katika gereji moja ya Wrexham, na tangu astaafu, nyumba yake na mkewe huko Bala ilimbana kama kiatu kidogo. Alikuwa akizunguka jikoni, anatoka kutazama geti, anarudi, anauliza kama barua zimefika, kisha anatoka tena. Ndiyo maana walinunua lile gari kubwa jeupe lenye kitanda, jiko na choo ndani yake: wazurure nalo mpaka barabara iishe.

Kisha mkewe, Nesta, akapewa mashine ya kupumulia. Akilala bila hiyo, pumzi humkatika. Mashine hunywa umeme hadi asubuhi, na zile betri mbili za asidi zilizokuja na gari zilikuwa zikichoka mapema. Ikabidi walale kwenye kambi za magari zenye soketi za umeme tu, wamebanana na wenzao kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwombea afya ukiwa kitandani. Kwa Idwal kile kilikuwa kifungo, na alilisema hilo kila siku, asubuhi na jioni.

"Basi tuliuze," Nesta akamwambia mwezi wa Januari. "Yule bwana wa Corwen bado analitaka. Atakuja Jumamosi ya mwisho ya Februari."

"Nipe nafasi moja. Nitafunga betri ya lithiamu."

"Siku tatu bila soketi, mzee. Mashine yangu ikizimika hata mara moja, funguo anapewa bwana wa Corwen, na wewe utajifunza kukaa."

Akaifunga mwenyewe. Nyaya nene kama kidole gumba, fyuzi, na kile kisanduku cha kupunguza kasi ya umeme utokao kwenye injini, kwa sababu lithiamu ina pupa na inaweza kuiunguza alternata, ile jenereta ya injini. Ilikuwa kazi safi, ya mtu aliyeishi na nyaya. Betri yenyewe akaiweka zilikokuwa zile za zamani, kwenye sanduku la nje, ubavuni mwa gari. Tangu ujana alifundishwa kwamba betri hutoa hewa ya kulipuka, na fundi anayeiweka mahali watu wanapolala hafai kupewa spana. Hakujiuliza mara mbili. Kijitabu cha maelezo alikikunja mara nne, akakisukumia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukichezacheza.

Juma la mwisho la Februari wakaenda kaskazini mwa Uskoti, wakaegesha kando ya ziwa lisilo na mtu. Mashine ilivuma vizuri siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu, Alhamisi, waliamka na kukuta kioo cha mbele kimeota manyoya ya barafu na paneli za sola zimezikwa na theluji. Nesta alitazama simu yake, ambayo ilisoma hali ya betri.

"Asilimia kumi na nane."

"Hakuna shida. Nusu saa ya injini tu."

Injini ikanguruma nusu saa.

"Kumi na saba," akasema Nesta.

"Simu yako inadanganya."

"Simu yangu haijawahi kufanya kazi gereji, haijajifunza kudanganya."

Idwal akatoka. Akafungua fyuzi, akairudisha. Akakaza kila nati, akalegeza, akakaza tena. Akapima waya mmoja baada ya mwingine huku vidole vikifa ganzi. Umeme ulikuwa ukifika mpaka kwenye betri, na betri ilikuwa ikiukataa. Alilizunguka gari mara nne, kana kwamba kosa lilikuwa linamkimbia kwa nyuma.

Aliporudi ndani, meza ilikuwa imeinama na Nesta alikuwa amevaa miwani, kijitabu mkononi.

"Sikiliza, fundi. 'Isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Betri itajikinga kwa kukataa chaji. Ifungwe ndani, penye joto.'"

"Ndani? Betri ndani, unapolala wewe?"

"Haitoi hewa yoyote. Imeandikwa hapa, ukurasa wa pili. Ulishindwa kufika hata ukurasa wa pili?"

Idwal akakichukua kijitabu, akausoma mwenyewe ukurasa wa pili. Miaka arobaini na moja, na kosa lilikuwa lile jambo pekee ambalo hakuona haja ya kulifikiria.

"Mlete ndani," Nesta akasema, akijaza chupa ya mpira kwa maji ya moto. "Baba alikuwa akiokota wanakondoo kwenye theluji, anawaleta jikoni. Huyo betri wako naye ni wa kuletwa jikoni."

Betri za zamani zilikuwa karibu zimvunje mgongo. Hii aliibeba kifuani, kwa mikono miwili. Akaitia chini ya benchi karibu na kipasha joto, Nesta akaiviringishia blanketi na ile chupa pembeni. Idwal akatoboa ukuta wa benchi, akavuta nyaya, zikafika kwa shida.

"Sasa?"

"Sasa unakaa."

"Niangalie injini kidogo..."

"Idwal. Kaa."

Alikaa zaidi ya saa tatu, kiganja juu ya betri, mguu ukigonga sakafu kwa hamu ya kusimama. Nesta alifuma soksi. Ilipofika saa nane mchana, Idwal akawasha injini.

"Ampea thelathini," Nesta akasema, akisoma simu. "Inakula."

"Inataka mwendo wa saa mbili hivi," akasema Idwal. Kusini kungewafikisha nyumbani kabla ya Jumamosi ya bwana wa Corwen. Kaskazini kusingewafikisha. Betri ingejaa huku au kule.

Walifika njia panda. Kulia, kusini. Kushoto, kaskazini, na kibao chenye majina ambayo hakuna hata mmoja wao aliyejua kuyatamka. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, Idwal alisimamisha gari bila kuchagua.

Nesta alipitisha mkono chini ya benchi, akaipapasa betri.

"Imepata joto," akasema. Akachukua simu. "Halo, bwana wa Corwen? Ndiyo, ni Nesta. Kuhusu Jumamosi..." Na kwa mkono wa pili akaonyesha kushoto.