Sauti ya Fundi Kinywani mwa Shangazi

Mwanamke aliyetuletea kazi ile hurekodi sauti za wazee wa mtaa wa Nyamirambo. Mimi na mwenzangu, katika ofisi yetu ya Kacyiru, tulimtengenezea kompyuta ya kuzihifadhi. Mimi ndiye niliyeandika kiendeshi cha diski, yaani programu inayopokea data na kuifikisha kwenye diski. Nilikisifu mbele ya kila aliyekubali kunisikiliza, na mbele ya wengine ambao hawakukubali.

Asubuhi moja aliingia, akaiweka kompyuta mezani bila salamu. Kwa mtu wa Nyamirambo, hiyo ni dalili ya msiba.

"Sikiliza, mzee."

Ikatoka sauti ya shangazi yake, aliyefariki muda mfupi baada ya kurekodiwa. "Siku ile baba yako alipokuja mlangoni," alisema bibi yule taratibu, "akaniambia..." Hapo hapo, bila hata kuvuta pumzi, akaendelea kwa sauti nzito ya kiume: "...suruali ya mtu mnene unampima akiwa amekaa, ukimpima amesimama itapasuka." Kisha shangazi akarudi, anacheka. Hadithi imekwisha.

Mwenzangu alisukuma kiti chake nyuma hadi ukutani.

"Shangazi yangu hakushona suruali hata moja," alisema yule mwanamke. "Huyu amefuata nini mdomoni mwake?"

Sauti ile ilikuwa ya fundi cherehani wa mtaani kwao. Mwanamke alikuwa amezimimina kadi mbili za kinasa sauti kwa mpigo, ya shangazi na ya fundi, kisha akazifuta, kwa kuwa nilimhakikishia kwamba diski yetu haipotezi kitu.

Nikarudisha kwenye kiendeshi jumbe za majaribio nilizokuwa nimezifuta kabla ya kumkabidhi kompyuta, zinazoandika kwenye skrini kila hatua data inapopita, ili nilione kosa. Nikamimina kadi nyingine mbili, kosa likatoweka. Nikaziondoa, likarudi. Nilihisi kama ninachezewa na jini.

"Profesa," mwenzangu aliniuliza kwa utani, "hizi jumbe ulizifuta lini?"

"Jumamosi ya umuganda."

Nilikuwa nimetoka kwenye usafi huo wa pamoja wa mtaa, kufyeka majani kando ya barabara na majirani, viatu vina matope, nikaona aibu kumkabidhi mteja programu yenye takataka. Katika mji huu hatukabidhi kitu kichafu. Nikaifagia.

Kumbe takataka ndiyo iliyokuwa ikituokoa. Kila data inayoingia hutafuta rafu tupu ya kusubiria, kisha huiwekea alama kwamba imechukuliwa. Kati ya kuangalia na kuweka alama kuna upenyo mdogo mno. Jumbe zilizichelewesha data, zikapita moja moja. Nilipozifuta, maneno ya shangazi na ya fundi yaliiona rafu ile ile kuwa tupu, yakaingia pamoja, ya fundi yakayafunika ya shangazi, na diski ikaandika ya fundi mahali pa wote wawili.

Niliweka kufuli, ili kuangalia na kuweka alama viwe tendo moja ambalo hakuna wa kuliingilia. Mistari michache tu. Tukamimina kadi za majaribio mchana kutwa, hakuna sauti iliyoingilia nyingine. Mwenzangu alinipigapiga begani, nami, mjinga, nikatabasamu.

"Imepona," nilimwambia yule mwanamke.

"Alhamdulillahi. Basi niwekee, nimsikie shangazi."

Ikabidi nimweleze kwamba kufuli linalinda yanayokuja. Kilichofunikwa kimefunikwa. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni wake.

"Lakini ulikuwepo akisimulia," nilisema, nikitafuta pa kushika. "Baba yako alimwambia nini pale mlangoni?"

"Nilikuwepo," alisema. "Nilikuwa naangalia taa ya kinasa sauti, kama inawaka. Nilijua nitamsikiliza baadaye."