Jina Lisilokuwemo Mlangoni

Kwa wiki sita Genilda alizunguka mji na jua la jimbo la Pernambuco kichwani, akigawa vikaratasi vya kaka yake Arlindo, kinyozi aliyeutaka udiwani: sura yake, tabasamu, na namba tano za kubonyeza kwenye mashine ya kura. Genilda alikuwa mjane, akilala chumba cha nyuma kwa Arlindo, na fadhila hiyo aliilipa kwa miguu.

Jumapili ya kura Arlindo alimwambia abebe kikaratasi. Genilda akamcheka: abebe karatasi ya ndugu yake wa tumbo moja? Cha mwisho alimpa muuza chapati za tapioka nje ya shule ya kupigia kura. Namba anayo kwenye simu, basi.

Msimamizi akamwonyesha meza ya kuacha simu, haiingii kwenye mashine. Sheria ni hiyo hiyo kila uchaguzi na Genilda aliijua. Kiburi tu kilimsahaulisha.

Mbele ya mashine namba zikamtoka. Akabonyeza tano, ikatokea sura ya daktari wa mifugo. Akafuta, akajaribu tena, akaja mwanamke mwenye hereni. Orodha ya wagombea wote ilibandikwa ukutani pale nje, lakini kurudi kuisoma ni kutangaza kwamba hajui namba ya kaka yake. Foleni ikaguna. Akabonyeza kitufe cheupe, kura tupu, akatoka akitabasamu. Tabasamu hilo mimi simsamehe.

Saa kumi na moja jioni mashine ikatoa karatasi yake ndefu, ikabandikwa mlangoni: kila aliyepata kura katika chumba kile, na idadi yake. Arlindo, ambaye yeye alipigia kura chumba kingine, aliipitia kwa kidole mara mbili. Jina lake halimo.

"Arlindo, hata wa nyumbani kwako?" mtu akauliza, na watu wakacheka.

Genilda akasema alisahau namba.

"Umeigawa mji mzima wiki sita," Arlindo akasema taratibu, "halafu ukaisahau wewe?"

Ukweli ulisikika kama uongo wa mtoto. Arlindo akanyoosha mkono, akaomba ufunguo wa chumba cha nyuma, pale pale mbele ya watu. Genilda akautoa mfukoni.

"Nguo zako utazikuta barazani, dada. Na huyo uliyempigia, nenda akulaze."

Hakuwa amempigia yeyote. Lakini kura ni siri, na hakuwa na pa kulionyesha hilo.