Ghorofa tano za neno "ben"

Wakuu, nawasalimu kutoka Husby, Stockholm. Hili limenitokea mwenyewe na shahidi ninaye: Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu. Kila alfajiri tunasafisha ofisi pamoja huko Kista.

Mimi naandika riwaya. Mhusika wangu mmoja ni mtawa wa Ireland ya kale, ndiyo maana nikajiunga na kozi ya Kiayalandi cha kale. Wenzangu wanajifunza kuendesha gari, mimi hayo.

Mtihani ni wa mdomo. Unapewa nomino moja mapema, siku ikifika unaeleza asili yake na sura zake. Ukifeli, kozi imeishia hapo.

Nikapewa ben, yaani mwanamke.

Asili yake niliipenda mno. Ben na kvinna, mwanamke kwa Kiswidi, ni ndugu wa shina moja. Sauti ya mwanzo, kitu kama "gw", kwa Waayalandi ikawa b, huku kwa Waswidi ikawa kv. Nilikaa kwenye treni natabasamu peke yangu.

Sura ndizo zilinitesa. Mwanamke, ben. Wa mwanamke, mná. Kwa mwanamke, mnaí. Wa wanawake, ban. Kwa wanawake, mnáib. Nakariri njiani, nikishuka nimeziacha kwenye kiti.

"Bibi mumoja, majina tano?" Mama Furaha akauliza. "Polisi wanamtafuta?"

Kisha akakumbuka jengo tunalosafisha lina ghorofa tano. Basi kila ghorofa ikapewa sura yake.

Wiki tatu tulipiga deki hivyo. Nikikosea, ananinyima ndoo. "Rudi chini, mwanangu. Hapa bado hujafika."

Siku ya mtihani nikaenda vizuri, ben, mná, halafu kichwa kikawa kitupu.

Mikono yangu, bila ruhusa yangu, ikaanza kukamua tambara lisilokuwepo.

"Unafanya nini?" mwalimu akauliza.

"Nasubiri sakafu ikauke, mwalimu."

Akacheka. Nami nikapanda ngazi: mnaí, ban, mnáib.

Nimefaulu, wakuu.

Nilichojifunza: kichwa kikigoma, mikono inaweza kuwa imeshika somo muda wote. Na mtu wa kukunyima ndoo ni mwalimu kamili.

Nilipompigia Mama Furaha alinipongeza kidogo tu. "Sasa tufanye wanaume," akasema. "Lile jengo la pili lina ghorofa nane."

Wewe kigumu chako ulikikariria wapi? Jikoni, shambani, kwenye foleni? Tiririkeni hapa chini, nasoma wakati sakafu inakauka.