Tulishukuriwa kwa Kitu Ambacho Hatujakitengeneza

Mtu akikushukuru kwa wema ambao hujaufanya, utamjibu nini?

Usinijibu haraka. Sikia kwanza yaliyotukuta Salatiga, mji mdogo wa milimani huko Java, ambako mimi nimezeeka bila kupanga.

Ilikuwa asubuhi, tuko watatu tunakula tempe ya kukaanga, vile vipande vya soya iliyochachushwa, juu ya meza ya kazi, mara mlango ukafunguliwa.

Akaingia Pak Tukiran, yaani Mzee Tukiran, mwenyekiti wa ushirika wa wafugaji wa Getasan, kule juu kwenye mteremko wa mlima Merbabu. Mkononi galoni la maziwa, uso mzima ni meno.

Akaliweka galoni mbele ya Wening, mkubwa wetu wa kazi.

"Mwanangu," akamwambia, "ile ya mkupuo mliyotupa ni moto wa kuotea mbali. Foleni imekufa. Maziwa hayachachi tena. Wanachama wamenituma nije nikushukuru."

Wening akamtazama Galih. Galih akanitazama mimi. Mimi nikatazama tempe.

Maana ile ya mkupuo haikuwapo.

Si kwamba ilikuwapo ikawa mbovu. Haikuwapo kabisa. Hatukuwa tumeitengeneza.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, usije ukapotea.

Wening ndiye aliyeanzisha Rantang. Kwa watu wa huku, rantang ni vile vibati vya kupangwa kimoja juu ya kingine vya kubebea chakula: chini wali, katikati mboga, juu pilipili, kila kitu na ghorofa yake. Programu yetu ikaitwa hivyo kwa sababu kazi yake ni hiyo hiyo. Inafunga taarifa, kila moja kwenye ghorofa yake, inazipeleka kwa kompyuta iliyo mbali, inaiomba ifanye kazi fulani, halafu inarudi na jibu.

Tuliitoa bure. Anayetaka anachukua.

Galih alikuwa fundi wa mambo ya mtandao, kijana mwenye mdomo usio na breki. Mimi kazi yangu ilikuwa kukijaribu kila kinachotengenezwa mpaka kivunjike. Shule nimeisoma vipande vipande, bandari hii kidogo, bandari ile kidogo, lakini kuvunja vitu sikuhitaji mwalimu.

Sasa sikia desturi yetu, maana ndiyo iliyotuponza.

Kabla ya kutengeneza kipengele kipya, Wening alikuwa anakiandikia maelezo kwanza. Na aliyaandika kana kwamba kitu kipo tayari. Haandiki "kitafanya hivi". Anaandika "kinafanya hivi".

Alisema ukikieleza kitu kama kipo na maelezo yakakaa sawa, basi kutengenezeka kitatengenezeka. Maelezo yakigoma, ujue hata hicho kitu chenyewe ni cha kutupa.

Ni desturi nzuri, na wapo mafundi wengi wa kazi hii wanaoifuata. Maelezo hayo tuliyaweka kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, chini ya kichwa kimoja: Yajayo.

Kichwa chenyewe kilikuwa cha herufi ndogo. Nasema tu.

Sasa tuje Getasan. Kwenye kituo chao cha kupokelea maziwa, mtandao ulitambaa kama konokono mwenye mimba. Mfugaji anafika na galoni lake. Kompyuta inauliza ofisini, mjini: huyu ni mwanachama wetu? Watu wanasubiri. Jibu likija inauliza tena: maziwa yake yapimwe kwa kipimo kipi? Watu wanasubiri. Halafu: andika uzito wake. Wanasubiri.

Na nyuma ya huyo mmoja kuna kijiji kizima na magaloni. Jua linapanda, maziwa yanachacha.

Wening aliwaahidi dawa. Kompyuta iulize yote kwa mkupuo, bila kungoja jibu la kwanza lirudi. Aliahidi akiwa amesimama mbele ya mkutano wao, na mama yake mzazi, ambaye naye ana ng'ombe kule, ameketi safu ya mbele.

Akaanza kujenga. Ikagoma.

Akabomoa, akajenga upya. Ikagoma tena. Kila nilipoijaribu majibu yalichanganyikana, maziwa ya huyu yanaandikwa kwa jirani yake. Msimu ukapita, mwingine ukaingia.

Wiki ile aliyokuja Pak Tukiran, Wening alikuwa ameshatuambia uamuzi wake. Atapanda Getasan kuwaambia wafugaji kwamba ameshindwa. Atakifuta kile kipengele. Kisha Rantang atamwachia yeyote anayeitaka, yeye basi tena, akatafute kazi nyingine duniani.

Hatukumbishia. Mtu aliyechoka kweli unamwona tu.

Na sasa mzee wa watu analeta maziwa ya shukrani.

Wening akafungua mdomo aseme ukweli, lakini Pak Tukiran hakuwa na nafasi. Alikuwa na kazi ya kualika watu. Jumapili ushirika unasherehekea siku yake ya kuzaliwa, na kutakuwa na wali wa manjano uliorundikwa mfano wa mlima. Unajua desturi ya huku: ncha ya mlima ule anakatiwa mtu anayeheshimiwa kuliko wote. Mwaka huu wameamua apewe Wening.

Akaaga, akaenda zake.

Hapo ndipo ngoma ilipoanza.

Wening akatugeukia. Alidhani mmoja wetu ameijenga kwa siri ili kumfichia aibu. Mimi nikaapa. Galih akaapa kwa mkono wa mama yake wa kupikia, na huyo kwa kiapo hicho hasemi uongo.

Wening akakaa kwenye kompyuta, akachungulia ile ya ushirika kutoka huku huku kwetu. Programu yao ilikuwa ile ile ya zamani. Haijaguswa hata nukta.

Akaegemea kiti.

Galih akasema labda ni jini wa Merbabu. Nikamwambia kama ni jini, basi ana mkono mzuri kuliko wa Galih mwenyewe.

"Dada, wewe pokea tu," Galih akasema. "Kipengele kina watumiaji. Kinafanya kazi. Na hakijaripotiwa kasoro hata moja. Hatujawahi kutoa kitu safi namna hii."

Mimi nilicheka mpaka chai ikanipalia. Wening hakucheka. Alisema hawezi kula ncha ya wali wa watu kwa kazi ambayo hajaifanya, tena mbele ya mama yake. Atasimama, aseme kweli, na wakimzomea wamzomee.

Jumapili tukapanda. Yeye kavaa batiki yake nzuri, uso kama wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

Lakini fundi ni fundi. Akataka kwanza tupitie kituoni, maana ng'ombe hawajui Jumapili, maziwa yanapokelewa kila siku.

Tukafika. Tukasimama.

Foleni haikuwapo. Watu wanaingia upande huu, wanatokea ule, wanaongea wee kama wako harusini.

Na kwenye shingo ya kila galoni kuna kibanio cha nguo. Naam, vile vya kuanikia shati kambani. Vya kila rangi, kila kimoja na namba yake.

Mfugaji akifika meza ya kwanza, mama mmoja anaitwa Bu Parmi anabana kibanio kwenye galoni lake, anatuma swali mjini kuuliza huyu ni nani, kisha hangoji. "Pita, baba, pita, usinizibie upepo," anamsukuma. Meza ya pili wanapima maziwa ya kibanio fulani. Meza ya tatu wanapima uzito wa kibanio fulani. Mwenye maziwa ni nani, bado hakuna anayejua, wala hakuna anayejali. Akifika meza ya mwisho, majibu ya mjini yameshawasili na yanamsubiri. Wanaandika jina mbele ya namba ya kibanio, kibanio kinabanduliwa, mtu anaondoka.

Wening alisimama pale mpaka nikadhani ameota mizizi.

Halafu akasema polepole, kama anajisemea mwenyewe, "Mimi jina la jibu nililifunga kwenye foleni. Wao wamelifunga kwenye galoni."

Sikuelewa siku ile; baadaye ndipo nikajua kwamba yeye alilitambua kila jibu kwa zamu yake, na zamu zikipishana majibu yanachanganyikana. Galih alielewa, maana alijipiga kofi la paji la uso likasikika meza ya tatu.

Tukaenda sherehe. Wali wa manjano umesimama kama Merbabu yenyewe, pembeni kuku na mayai. Pak Tukiran kashika kisu. Akamwita Wening mbele, makofi yakapigwa.

Wening akainua mkono.

"Wazee wangu, mama zangu," akasema, "sistahili. Kile kipengele niliwaahidi na nimeshindwa kukitengeneza. Kompyuta yenu ni ile ile ya zamani. Hatujaweka kitu."

Nikamwona mama yake ameinamisha kichwa.

Pak Tukiran akajikuna shavu kwa mpini wa kisu.

"Kwani nani kataja kompyuta?" akauliza.

Wening akapepesa macho.

"Mwanangu, mimi ukurasa wako nimewasomea wanachama wote, hapa hapa. Umeandika: usisubiri jibu, lipe jina jibu ambalo halijafika, kisha endelea na kazi kwa jina hilo. Umeandika mtumaji, umeandika mpokeaji. Mpokeaji si Bu Parmi? Mtumaji si sisi? Sasa kompyuta inaingilia wapi?"

"Lakini ule ni ukurasa wa mambo yajayo, mzee."

"Nilidhani yajayo maana yake yanakuja. Sisi yakatufikia."

Watu waliangua kicheko, na mimi nikiwamo. Bu Parmi akaongeza kwamba yeye muda wote alijua anaitwa mpokeaji, na amekuwa akimringia mumewe kwa cheo hicho.

Wening alikuwa bado kasimama, hajui acheke au alie. Ndipo mama yake akanyanyua kichwa. Kumbe alikuwa ameinama kwa kujizuia kucheka.

"Wening, pokea wali wako ukae," akasema. "Watu wana njaa."

Akapokea. Akakaa. Akala ncha yote, hakutubakizia hata punje.

Njiani kurudi hakutaja tena habari ya kumwachia mtu Rantang. Alikuwa anachora kwa kidole kwenye kioo cha gari chenye ukungu. Kesho yake akabomoa alichokuwa amejenga, akaanza kwa njia ya vibanio: kila swali na kibanio chake, popote liendako. Nikajaribu kukivunja kile kitu kwa hila zangu zote za uzeeni. Kikanishinda.

Kilipokamilika tukampelekea Pak Tukiran. Akakitazama, akakisifu, akasema kinapendeza, na vibanio sasa wake zao watarudishiwa.

Halafu akamvuta Wening pembeni, lakini mzee yule hajui kunong'ona.

"Ila lile la pili kwenye ukurasa wenu, lile la kusema mpokeaji akizidiwa atoe ishara na mtumaji apunguze mwendo. Hilo pia ni zuri sana."

Wening akashtuka. Akamwambia lile bado kabisa, hata kuanza hawajaanza.

"Kwangu lilishaanza," mzee akajibu. "Mke wangu akiinua mkono, mimi nanyamaza. Tuna amani ya ajabu nyumbani."

Jioni ile ile Wening akabadilisha kile kichwa cha Yajayo kikawa cha herufi kubwa. Galih alimkataza. Alisema sasa dunia itakosa mengi.

Funzo langu ni hili, chukua ukipenda: usione haya kueleza jambo lako kabla halijawa, lakini lieleze kwa maneno ambayo hata mtu wa mbali anaweza kuyashika. Mikono yako ikishindwa, huenda kuna watu mahali fulani wameshalianza, na hawajui hata kwamba wewe umekata tamaa.