Taa Nilizozipaka Rangi ya Fedha

Kwamba pikapu ile ilitumbukia korongoni juu ya kijiji cha Mlali, niliambiwa. Mmoja alisema ni ukungu, mwingine alisema ni breki, wa tatu alidai dereva alikuwa amekunywa. Hakuna kati yao aliyekuwapo, nami sina haki ya kuandika maneno yao kama ukweli. Nitaandika niliyoyaona, na niliyoyatenda kwa mikono yangu.

Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani. Nilikuwa nimestaafu kufundisha fizikia, nikanunua pikapu, na baada ya misimu michache nikataka kuiuza. Kasoro yake ilikuwa taa za mbele. Lile bakuli la ndani, linaloakisi mwanga na kuutupa barabarani, lilikuwa limeliwa na kutu. Taa nyingine zilipatikana Dar es Salaam, lakini niliona ni gharama ya bure kwa gari la kuuza.

Nikazifungua nyumbani. Ili gundi ya kioo ilegee, niliziinamisha juu ya sufuria ya maji yanayochemka.

"Baba watoto," mke wangu akauliza, "hiyo supu yako inaiva saa ngapi?"

Ndani nikapaka rangi ya fedha, ile ya mageti. Pembeni nikazungushia nyeusi, kama vijana wa Msamvu mjini walivyokuwa wakiyapamba magari yao. Zilipendeza. Magharibi ilipoingia nikazirudisha garini na kuziwasha kuelekea ukuta wa uani. Mwanga ulitawanyika, hafifu, hatua chache tu. Sikushangaa. Kwa miaka mingi nilikuwa nimewachorea wanafunzi ubaoni tofauti ya kioo na uso uliopakwa rangi.

"Zinang'aa," mke wangu alisema, "lakini mbele hakuonekani kitu."

"Mambo ya taa niachie mimi."

Mnunuzi alikuja adhuhuri. Alikuwa mkulima wa mboga kutoka milima ya Mgeta, mwanafunzi wangu wa zamani. Akaniamkia, akalizunguka gari, akacheka.

"Mwalimu, hili umelipaka wanja kabisa."

"Gari la kuuza huogeshwa."

"Na zinamulika? Mimi nashuka na kabichi alfajiri, na kule juu unaujua ukungu wake."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. "Unaziona mwenyewe," nikajibu, jua likiwa la utosi.

Ndugu yake aliyefuatana naye akashauri wasubiri giza wazijaribu.

"Wewe nawe," mnunuzi akamkatiza, "nikampime mwalimu aliyenifundisha mwanga?"

Nikapokea pesa, nikamkabidhi funguo. Mimi niliyewachapa watoto kwa kuandika jibu ambalo hawakulipima, nilimwacha mtu mzima aondoke kwa kuniamini tu. Uongo sikusema, nilikuwa mwangalifu sana nisiuseme. Uangalifu huo hunitia haya kuliko rangi yenyewe.

Habari za korongo zilinifikia kabla masika hayajaisha. Ningeweza kwenda kuliona gari. Mlali si mbali. Sikwenda. Nilijiambia kwamba uvumi si ushahidi, na nyuma ya kanuni hiyo njema nikajificha wiki kadhaa.

Kisha nikamkuta mnunuzi wangu sokoni mjini, ameketi nyuma ya mafungu ya karoti, mkono wa kulia umefungwa hogo la plasta na kuning'inizwa shingoni. Aliponiona alijikongoja kusimama.

"Shikamoo, mwalimu."

Shahidi pekee ambaye ningemwamini alikuwa mbele yangu, na swali lilikuwa moja tu. Nikaitikia marahaba, nikamuuliza karoti ni bei gani.